Mzee Mwinshehe na Mapigo ya Waliolala

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, Mzee Mwinshehe Shomari, dresa mkuu wa dispensari yetu ya Kisima Kipya hapa Temeke, anavua koti jeupe baada ya kulivaa miaka ishirini na tisa na miezi mitatu. Koti lenyewe si lilelile, msije mkacheka. Amemaliza makoti kumi na moja, na yote yalichanika kwenye mfuko wa kushoto, maana humo ndimo anamoweka saa.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na karani. Karani akasema ana kazi nyingi. Mie Salumu, mbeba machela, nikasema nipeni. Darasa la nne nililimaliza kwa kishindo, mwandiko wangu unasomeka hata na mwenye miwani iliyopasuka, na tena katika watu wote wa dispensari hii hakuna aliyemtia Mzee Mwinshehe tabu kuliko mie. Kwa hiyo namjua.

Alizaliwa Mbwamaji, mwaka ambao mama yake aliujua kwa njaa na si kwa tarakimu. Ndiyo maana serikali ilipotaka kujua umri wake ili imstaafishe, walibishana naye miezi sita. Yeye alisema ana hamsini na mbili. Faili likasema hamsini na tano. Meno yake yalisema zaidi, lakini meno hayakuulizwa. Faili likashinda.

Aliingia kazini tarehe 1 Aprili 1927 akiwa mwosha chupa. Wakati huo dispensari ilikuwa banda la makuti lenye milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na wazee wa hapa wanasema wapo wagonjwa walioingia kwa huu wakatokea kwa ule bila kusimama, wakishaiona sindano. Zilikuwa siku za buba. Watu walikuja kwa miguu kutoka Mbagala na Kongowe, wakapanga foleni tangu alfajiri na watoto mgongoni, na kijana Mwinshehe akichemsha sindano kwenye jiko lilelile la chai ya dresa. Anasema chai ya siku zile ilikuwa na ladha ambayo hajaipata tena. Mwaka 1930 akapelekwa mjini kufunzwa kufunga vidonda, kupima joto, kuchoma sindano na kuandika magonjwa kwa Kiingereza. Akarudi dresa, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Wakati wa vita bendeji ziliadimika. Alizifua, akazichemsha, akazianika kwenye kamba nyuma ya dispensari, nyeupe, ndefu, zinapepea. Waliopita barabara ya Kilwa wakadhani kuna harusi, na mpiga zumari mmoja alikuja kuulizia kazi. Ubahili ule wa vita haukumtoka. Mpaka leo ukimwomba pamba anakukatia kidogo kisha anakitazama kile kidogo kwa huruma, kama baba anayemwoza binti yake.

Na baiskeli! Mwaka 1938 serikali ilimpa baiskeli ya kuwazungukia wagonjwa. Miaka kumi na minane ameisukuma. Hajawahi kuiendesha hata siku moja. Ukimuuliza anasema ina mzigo. Siku haina mzigo anasema breki. Watoto wa Temeke wamekua wakiamini kwamba baiskeli ni mnyama wa kuongozwa kwa mkono.

Lakini jambo lililomtofautisha na madresa wengine wote ni lile la kuhesabu mapigo ya watu waliolala. Dispensari ina vitanda sita vya kupumzishia. Mzee Mwinshehe akimkuta mgonjwa amesinzia, hamwamshi. Anavuta kigoda, anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, anatoa saa, anahesabu dakika nzima. Sio robo dakika akazidisha mara nne kama tufanyavyo sie wenye haraka. Anaandika. Kisha anamwamsha mtu kwa upole na kuhesabu tena. Kitabuni kila mgonjwa ana namba mbili, ya usingizini na ya macho.

Nilipoajiriwa mwaka 1952 niliona huyu mzee keshachanganyikiwa. Siku moja nikajilaza kitandani, nikakoroma kwa ufundi mkubwa. Akaja, akakaa, akahesabu mpaka mwisho, akawatangazia wagonjwa wote: “Huyu hajalala. Ana uongo wa themanini na nane.” Walicheka mpaka mwenye jipu akasahau jipu lake.

Nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo. Mara tatu alinijibu hadithi za kunifukuza. Mara ya nne, na hiyo ilikuwa baada ya mkasa nitakaousimulia mbele, akanieleza habari za Kasiani, na hapo hakuwa na mzaha.

Kasiani alikuwa mpasua mbao kutoka milima ya Umatengo, kusini kule. Waliletwa wengi huku kufanya kazi mwaka wa 1934. Wenzake walimbeba mpaka dispensari anawaka moto, vidole vinatetemeka, anasema ovyo. Shingoni alikuwa na uvimbe wa tezi, ule tunaouita rovu, ila watu wa milima ile wengi wanao, basi nani angeutazama? Mwinshehe akaona homa, akampa kwinini. Akamfunika mablanketi mawili na kumwekea chupa za maji moto miguuni ili jasho litoke. Kasiani akasinzia. Mwinshehe akafurahi. Akipita zake akamshika mkono, akahesabu mpaka mia na sitini, akadhani saa imeharibika. Kabla ya alasiri Kasiani alikufa.

Wiki iliyofuata daktari wa mjini alikuja kukagua kitabu. Akauliza shingo ya yule mtu ilikuwaje. Akamweleza kwamba tezi ile humwaga kwenye damu maji yake yanayouchochea mwili ufanye kazi, na ikivimba inaweza kumwaga bila kipimo. Basi mtu anaishi miezi kama anayekimbia, hata akikaa. Anakula na kukonda, anatokwa jasho, vidole vinatetema. Kisha siku akipatwa na jambo dogo tu, kidonda, jino, uzazi, moto wote unalipuka mara moja: joto linapanda, tumbo linaharibika, akili inapotea, na moyo unakwenda mbio mpaka unachoka. Mwenye hofu akilala moyo wake hutulia. Mwenye homa moyo wake hufuata joto. Huyu wa tezi moyo hulikimbia joto ukaliacha mbali, na usingizini haupoi. Kumfunika ni kumwongezea kuni.

Daktari akasema hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa hakuwa amefundishwa. Mzee aliniambia kwamba hilo la kutolaumiwa ndilo lililomkaa kooni. Tangu siku hiyo akaanza kuhesabu.

Sasa nije kwa Eufrazia. Na humu nimo mie, wala sikusimama mahali pazuri.

Mwezi wa Februari 1954 nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mauwa, nyumba ya vyumba sita na uani kisima. Chumba kinachotazamana na changu walikaa Romani, kuli wa bandarini, na mkewe Eufrazia, nao pia Wamatengo. Eufrazia alijifunga kanga shingoni usiku na mchana, jua liwake lisiwake. Sie tukadhani ndiyo mitindo ya milimani. Alikula sahani ya wanaume wawili na bado akazidi kukonda. Joto halikumfaa, akawa analala ukumbini kwenye mkeka. Chai ilimmwagikia kila alipoinua kikombe, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeshtuliwa. Bi Mauwa alisema ni minyoo. Wa chumba cha tatu akasema ni pepo, tena wa bara. Mie sikuulizwa, ila nilisema minyoo.

Kisha jino likamwuma, shavu likavimba. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, Romani yuko bandarini, Eufrazia akaamka anaunguza. Anatapika, anaharisha, anazungumza Kimatengo na watu wasiokuwepo. Bi Mauwa akanijia mbio.

“Salumu, wewe si mtu wa dispensari?”

Mtu wa dispensari! Mie ambaye kazi yangu ni kubeba machela upande wa miguu. Nikanyoosha kola. Nikaingia, nikaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso kama afanyavyo Mzee, nikafumba macho kama afanyavyo Mzee, nikasema kwa sauti nzito: “Malaria hii. Mfukizeni.”

Mnajua nyungu. Chungu cha maji yanayochemka, majani ya mlimau na mchaichai, mgonjwa anainamishwa juu yake na kufunikwa gubigubi mpaka homa itoke na jasho. Kina mama wa nyumba ile walikuwa mafundi, na walifanya kwa mapenzi. Mablanketi mawili, moja langu. Humo ndani Eufrazia akawa analia. Nikawaambia, “Ndiyo inatoka hiyo.” Kisha nikaona nina habari nzuri ya kujitapia, nikapanda baiskeli ya dispensari, maana ilikuwa kwangu kwa ajili ya kutiwa mafuta, nikaenda kumtafuta Mzee Mwinshehe. Nilimkuta kwenye bao, amewazidi.

“Shikamoo, Mzee. Leo nimekupunguzia kazi.”

“Marahaba. Kazi gani?”

Nikamsimulia, na chumvi nikaongeza. Alisikiliza huku kete mkononi.

“Mapigo?”

“Sikuhesabu, Mzee. Lakini moyo upo, unaonekana hata kwa macho. Kanga inaruka kifuani.”

“Akisinzia je?”

“Hata akisinzia inaruka vilevile.”

“Anatetemeka mwili mzima kwa baridi, au vidole?”

“Vidole. Ana siku nyingi na vidole vyake.”

“Mwenyeji wa wapi?”

“Umatengo.”

Aliiweka ile kete chini, nje ya shimo. Wenzake wakapiga kelele, mbona unaacha bao ushashinda? Akasimama, akasema, “Baiskeli.” Nikamkumbusha kwamba hajui kuiendesha. “Wewe unajua,” akasema. Akakaa nyuma kwenye kariya, kanzu imekusanywa magotini, mkono mmoja umekamata mkanda wangu. Njia nzima alitamka neno moja tu, nalo ni “Kanyaga.”

Bi Mauwa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mikono imeshika miimo yote miwili.

“Bwana Dresa, humu anafukizwa mtoto wa kike.”

“Nimesikia. Toeni chungu.”

“Jasho la mwisho halijatoka. Ukimfunua sasa, upepo utamwingia. Akifa, Romani nimjibu nini?”

“Nikiwaachia akafa, Bi Mauwa, wewe hutajibu kitu. Nitajibu mie. Nilishajibu mara moja.”

Hakuondoka mlangoni. Nisiwafiche, na mie nilikuwa upande wake. Nilisema, “Mzee, lakini malaria...” Akanitazama, nikarudi nyuma hatua mbili.

Kwa Mzee Mwinshehe ingekuwa rahisi kumsukuma mama wa watu na kuingia. Koti jeupe linampa mtu kiburi hicho. Yeye alishusha sauti. Akasema, “Hatumfunui. Tunambadilishia nguo tu. Chukua kanga zako mbili, zichovye kwenye mtungi, zikamue. Ondoa blanketi, weka kanga. Atakuwa amesitirika vilevile. Mie nitasimama hapa nje, nimegeuka.” Bi Mauwa akafikiri. Akateremsha mkono mmoja, kisha wa pili. Chungu kikatoka kinafuka, kikamwagwa uani.

Aliporuhusiwa kuingia, Eufrazia alikuwa amelala ubavu chini ya kanga mbichi, uso umewiva kwa joto, na kanga yake mwenyewe bado imefungwa shingoni mafundo mawili. Mzee hakuigusa. Alisema, “Bi Mauwa, pitisha mkono chini ya hiyo kanga ya shingo. Uniambie unachokikuta.”

Bi Mauwa akapitisha mkono. Akakunja uso.

“Kuna donge. Kubwa, kama papai bichi.” Kisha akautoa mkono mbio, akautazama, akaurudisha tena polepole. “Yallah, linatetema! Linakoroma mkononi kama paka!”

Kumbe ile kanga ilikuwa ya kuficha. Wiki yake ya kwanza mjini watoto wa mtaa walimfuata wakimwimbia shingo yake, akajifunga, hakuifungua tena hata kwa wanawake wenziwe. Mwaka mzima tulikaa naye nyumba moja na ugonjwa ukiwa umefunikwa kwa kitambaa chenye maua.

Mzee akashika kifundo cha mkono. Eufrazia alikuwa amepitiwa na usingizi wa uchovu. Alihesabu dakika nzima. “Mia na sabini na mbili,” akasema. “Salumu, andika.” Kipima joto alichokuwa nacho mfukoni kikasema mia na tano, kwa digrii za Farenhaiti. Nikaandika, na mwandiko wangu, niliousifia hapo juu, siku hiyo haukusomeka.

Aibu ikanipanda, nikataka kujiokoa. Nilishasikia kwamba rovu hutibiwa kwa iodini. Nikatoka mbio hadi dispensari, nikarudi na chupa ya kahawia, nahema, nimeiinua juu kama kombe la mpira. Mzee akaipokea, akaisoma, akaitia mfukoni.

“Hii ya kupaka vidonda, mwanangu. Ungemchoma matumbo. Na hata ingekuwa ile ya kunywa, saa yake haijafika. Mjini wana vidonge vya kuifunga hiyo tezi isitengeneze tena. Hivyo kwanza. Iodini baadaye, saa moja au zaidi. Ukiitanguliza, tezi inaila kama chakula.”

Makosa mawili asubuhi moja. Nadhani hakuna mtumishi wa dispensari hii aliyenifikia.

Alifanya machache aliyoweza. Dirisha likafunguliwa, wanawake wawili wakashika pepeo. Vitambaa vya maji ya mtungi vikawekwa kwapani na mapajani, na kila mara aliuliza kama anatetemeka kwa baridi, kwa kuwa kutetemeka kungerudisha joto. Akachanganya maji, sukari na chumvi kidogo, akamwelekeza Bi Mauwa ampe kijiko kwa kijiko pale anapoweza kumeza tu, amelala ubavu, asije akapaliwa na matapishi. Jirani akaleta aspirini. Akaikataa, alishaonywa kwamba kwa ugonjwa huu dawa ile inachochea. Kisha akasema, “Machela.”

Hapo sasa niacheni nijisifu kwa haki. Mie na jirani mmoja tulimbeba Eufrazia kutoka uani kwa Bi Mauwa mpaka barabara ya Kilwa bila kumtikisa, na Bi Mauwa anakimbia pembeni na pepeo. Mzee Mwinshehe akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la nazi. Dereva akatukana, kisha akamtambua, maana ndiye aliyemchoma sindano ya buba utotoni, akashuka mwenyewe kusogeza nazi.

Njiani Mzee aliandika barua kwenye karatasi ya ndani ya paketi ya sigara za dereva. Niliisoma juu ya bega lake. Ilisema: mwanamke wa Umatengo, rovu lenye kutetema, jino bovu, joto 105, mapigo 172 akiwa usingizini, amefukizwa nyumbani. Chini akaongeza: “Kama ana malaria pia, siyo inayomwua.” Tulipofika hospitali ya mjini, daktari aliisoma amesimama, akamshika Eufrazia shingo, akaanza kuita watu. Wakampa vile vidonge, vimesagwa, kwa mpira wa puani. Wakamtundikia maji ya sukari, wakamwekea hewa, wakamchoma penisilini kwa ajili ya jino. Iodini ikaja jioni, matone, kwa zamu yake.

Daktari hakutuahidi kitu. Romani alikuja kutoka bandarini na vumbi la saruji kichwani, akakaa ngazini, akaniuliza mie, kwa vile nilikuwa jirani: “Ilikuwaje, Salumu?” Nikamwambia aliugua ghafla.

Kwa siku nne Mzee Mwinshehe alitoka kazini akaenda mjini kwa miguu, akaomba ruhusa, akahesabu. Asubuhi yake alipita mbele yangu bila salamu na kunitajia namba. Jumatatu: “Mia na hamsini na nne.” Jumanne: “Mia na arobaini na nane.” Siku hiyo nilivunja chupa mbili za dawa ya kikohozi na hakunikaripia, nikaogopa zaidi. Jumatano: “Mia na ishirini.” Alhamisi akasimama. “Mia na nne. Ameomba ugali.” Nikaenda nyuma ya dispensari kwenye kamba za bendeji, nikakaa huko kitambo. Sisemi nilifanya nini huko.

Kitabuni aliandika “alifukizwa na majirani.” Hakutaja mtu. Nikadhani imekwisha. Wiki sita baadaye Eufrazia akarudi nyumbani, na Mzee akaniita.

“Nenda ukamwambie.”

“Nimwambie nini, Mzee?”

“Aliyesema malaria ni nani.”

“Watanifukuza.”

“Chumba ni cha Bi Mauwa. Hawawezi.”

Nilimkuta uani amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, shingo wazi, kanga iko kiunoni. Romani yupo, Bi Mauwa yupo. Nikasema yote, na safari hii chumvi sikutia. Romani akasimama, na yule ni mtu wa kubeba magunia mawili kwa mara moja.

“Kaa, Romani,” Eufrazia akasema. Kisha akanigeukia. “Mimi nilijua. Nilikusikia humo ndani ya blanketi. ‘Ndiyo inatoka hiyo.’ Nilitaka kukurushia kile chungu, mkono ukakataa.” Akaendelea kukuna. “Daktari amenikataza kunyanyua vizito. Ndoo ile pale, kisima kile pale.”

Nilimchotea maji miezi minne. Mtaa mzima ulinicheka, na wa chumba cha tatu alikuwa akinihesabia ndoo kwa sauti. Mwaka uliofuata, tezi ilipokuwa imetulia kwa dawa, daktari wa mjini akaikata. Leo ana kovu jembamba shingoni kama mkufu, na wala hajifungi kitu.

Tangu wakati huo tumewatambua wengine wanne hapahapa Kisima Kipya. Watatu wamepona. Mmoja alikuja amechelewa, na Mzee alikaa naye mpaka mwisho, saa mkononi. Kila mtumishi mpya anafundishwa kutazama shingo, vidole, na kuhesabu usingizini, na anafundishwa kumwomba mwanamke amguse mgonjwa mwanamke mwenzake pale ambapo mkono wa mwanamume haufiki. Mie nahesabu dakika nzima. Bado nabeba machela, ila sasa nabeba upande wa kichwa.

Mzee Mwinshehe, kwa niaba ya watumishi wote, karani mwenye kazi nyingi akiwemo, tunakushukuru kwa vitabu vyenye namba mbili, kwa pamba uliyotunyima, na kwa yale uliyoyajua juu yetu ukayaacha bila kuyaandika. Unahamia Bunju kwa binti yako Tunu, kwenye minazi yako. Watu wa huko wamepata bahati, na sie tutawaonea wivu hadharani.

Jana nilimpitia Eufrazia, nikamwambia naandika wasifu wako, kama ana neno niliweke. Alifikiri sana, mwiko mkononi, mpaka chungu kikataka kumwagika. Akasema, “Andika kwamba nipo.”

Nimeandika. Nenda salama, Mzee wetu. Mungu akupe umri mrefu wenye afya, na Bunju ikupokee kwa mikono miwili.

Salumu, mbeba machela